Mbona oili ya pikipiki mjini haipungui, ikifika Machakos imekauka?

Kila sikukuu zinapokaribia, iwe Idi au Krismasi, kuna swali ambalo hunifuata barazani, kwenye simu na hata ninapovaa viatu mlangoni mwa msikiti. "Ami, mbona piki yangu hapa Mombasa haipungui oili hata tone, lakini nikipanda nayo bara, nikifika Machakos nakuta kijiti kikavu?"

Wanaouliza ni wa aina mbili. Kuna waendesha bodaboda wa Changamwe, Magongo na Likoni ambao kwao ni Ukambani, na kila mwisho wa mwaka hupanda na piki zao kwenda kuwaona wazazi. Na kuna vijana wetu wa Mji wa Kale na Kisauni wanaokwenda kwa makundi kutembea tu, wakaone bustani ya People's Park na kile kilima cha Kituluni nje kidogo ya mji wa Machakos, ambako gari lililotiwa nyutro huonekana likipanda lenyewe. (Halipandi. Macho ndiyo yanayodanganywa na mandhari. Lakini hiyo ni makala ya siku nyingine.)

Mimi nilisomea diploma ya mitambo enzi zile chuo cha Tudor kikiitwa Mombasa Polytechnic, na pikipiki nimeiendesha zaidi ya miaka ishirini. Jibu la swali hili ni refu kuliko nafasi ya mlangoni mwa msikiti, ndiyo maana leo naliandika. Kwa ufupi ni hili: kubadilisha oili ni jambo moja, kupima oili ni jambo jingine. Wengi wetu tunabadilisha, tena kwa wakati. Wachache tunapima. Mjini ukikosa kupima huenda usijue kamwe. Kwenye barabara kuu utajua, na huenda ukajua ukiwa na trela nyuma yako.

Lita moja tu

Gari dogo la kawaida hubeba oili kama lita nne. Pikipiki hizi zetu za cc 100 hadi 150, Boxer, TVS na jamaa zao, hubeba kama lita moja. Hapo ndipo hesabu yote inapoanzia. Robo lita ikipungua kwenye gari, dereva hana habari. Robo lita ikipungua kwenye piki, robo ya oili yote imekwenda. Nusu lita ikipungua, injini inaishi kwa nusu ya damu yake.

Na lita hiyo moja ina kazi nyingi kuliko lita nne za gari. Kwenye gari, giya zina oili yake mbali. Kwenye piki, oili ile ile inayolainisha pistoni na valvu ndiyo inayolainisha meno ya giya, na ndiyo inayoogesha sahani za klachi. Meno ya giya nayo huikatakata oili, ikapoteza uzito wake mapema. Juu ya hayo, nyingi ya piki hizi hazina rejeta. Hupozwa na upepo kwa nje na oili kwa ndani. Oili ikipungua, iliyobaki huzunguka mara nyingi zaidi bila kupata muda wa kupoa. Ikipata moto huwa nyepesi, ikiwa nyepesi huliwa upesi zaidi, na ikiliwa hupata moto zaidi. Ni deni linalozaa deni.

Gari oili ikipungua mno taa nyekundu huwaka. Piki nyingi za biashara hazina taa hiyo. Taa yako ni kijiti cha kupimia, au kile kioo kidogo cha mviringo kilicho ubavuni mwa injini. Hakuna kingine kitakachokwambia.

Wazee wetu wa vyombo walilijua jambo hili kwa namna yao. Nahodha hangojei chombo kizame ndipo ajue maji yamejaa ngamani. Kila baada ya muda mtu hushuka akatazama. Wasemao mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani hawakuwa wakizungumzia pikipiki, lakini bakuli la oili chini ya injini yako ndiyo ngama yako, na kazi yake ni ile ile: itazame kabla haijakuita.

Mjini petroli huficha upungufu

Sasa tuje kwenye fumbo lenyewe. Kwa nini mjini kijiti husoma vile vile wiki nzima?

Bodaboda wa mjini huenda safari fupi fupi. Mwembe Tayari hadi Buxton, Ganjoni hadi soko la Kongowea, anazima, anangoja abiria, anawasha tena. Injini ikiwa haijapata moto sawasawa, si petroli yote inayoungua. Kiasi kidogo huteremka kwenye kuta za silinda, kikapita kando ya ringi na kuingia kwenye oili. Unyevu unaotokana na kuungua kwa petroli nao hufanya vivyo hivyo. Kwa hivyo injini inakula oili kidogo, na petroli na maji yanajaza nafasi yake. Kijiti kinasoma kiwango kile kile. Wewe unaona imejaa, kumbe imezimuliwa, kama maziwa ya muuzaji asiyemcha Mungu.

Ukitaka kuhakikisha, nusa kijiti. Oili iliyozimuliwa sana hunuka petroli, na ukiisugua baina ya vidole viwili huhisi nyepesi kama mafuta ya taa.

Halafu siku ya safari inafika. Injini inapata moto wa kweli, na inakaa na moto huo saa nne, tano, sita bila kupumzika. Petroli na maji yaliyokuwa ndani ya oili yanageuka mvuke na kutoka kupitia ule mpira wa kupumulia injini. Kufika Mtito Andei, kijiti kinaanza kusema ukweli ambao mjini kilikuwa hakisemi. Sehemu ya oili unayodhani imeliwa njiani haikuwa oili tangu mwanzo.

Hiyo ndiyo sababu nasema kila mara: mwenye safari ya bara abadilishe oili kabla ya kuondoka, hata kama siku zake hazijafika, halafu aendeshe kilomita chache na kupima tena. Usianze safari ya Machakos na oili iliyokaa wiki tatu kwenye foleni ya Buxton.

Mizunguko milioni mbili

Lakini si yote ni mazimulizi. Barabara kuu hula oili kweli, na hesabu yake si ngumu.

Chukua injini ndogo inayozunguka mara 6,000 kwa dakika, kiasi ambacho piki zetu hufikia zikikimbizwa. Kwa saa moja ni mizunguko 360,000. Kutoka Mombasa hadi Machakos ni kama kilomita 440. Ukienda kwa wastani wa kilomita 70 kwa saa, bila kuhesabu vituo, ni zaidi ya saa sita. Zidisha: ni mizunguko zaidi ya milioni mbili. Kila mzunguko pistoni hupanda na kushuka mara moja.

Pistoni hiyo ina ringi, na ya chini kabisa kazi yake ni kukwangua oili kwenye kuta za silinda na kuirudisha chini. Haikwangui yote. Lazima utando mwembamba ubaki, la sivyo chuma kitasuguana na chuma. Utando huo huonja moto kila petroli inapolipuka, na kidogo chake huungua. Ni kidogo sana, hakionekani hata kwa moshi. Lakini kizidishe kwa milioni.

Mwendo ukizidi, mambo matatu huongezeka pamoja. Oili hupata moto ikawa nyepesi na kupenya ringi kwa urahisi. Hewa ya moto inayovuja kando ya ringi huongezeka, ikachukua vumbi la oili na kulitoa kwenye mpira wa kupumulia hadi kwenye kisanduku cha filta ya hewa, kisha likavutwa na kuunguzwa. Na sehemu nyepesi ya oili hufuka tu kwa joto.

Gari la cc 1,500 likiwa kwenye kilomita 80 kwa saa linatembea. Piki ya cc 125 yenye abiria kwenye mwendo huo huo inakimbia roho mkononi. Barabara ni moja na kipimo cha mwendo ni kimoja, lakini injini haziko kwenye hali moja. Dereva wa gari akikwambia yake haili oili hadi Nairobi, mwamini, lakini usijilinganishe naye.

Kupanda kutoka baharini

Sisi wa pwani husahau kwamba safari hii ni ya kupanda mlima, kwa sababu mlima wenyewe ni mrefu mno hauonekani. Unaondoka usawa wa bahari. Voi uko kama mita 600 juu. Makindu ni kama 1,000. Machakos ni kama mita 1,600.

Kwenye urefu huo hewa imepungua kwa karibu sehemu moja kati ya sita ukilinganisha na Mombasa. Injini inavuta hewa kidogo, na nguvu zake hupungua kwa kiasi kama hicho. Mwendeshaji akiona piki imelegea hufanya nini? Hufungua mkono mpaka mwisho. Akiwa na mke nyuma na gunia la nazi na embe za kupeleka kwa mama mkwe, kutoka Emali hadi Kyumvi mkono wake haurudi.

Kwa piki ya karbureta kuna la ziada. Karbureta iliyowekwa sawa kwa hewa ya Mombasa itatoa petroli nyingi mno kwa hewa ya Machakos. Ndiyo maana plagi ikifunguliwa huko huwa nyeusi. Petroli inayozidi huosha utando wa oili kwenye silinda, pale pale unapohitajika zaidi.

Vumbi nalo lina deni lake. Wekundu ule wa Maungu hadi Manyani si rangi tu, ni mchanga laini. Filta ya hewa iliyochanika, au iliyotolewa na mtu aliyeambiwa piki itakuwa nyepesi bila filta, huupitisha mchanga huo hadi kwenye silinda, na mchanga husaga ringi kama msasa. Injini inayokula oili leo mara nyingi ilikula vumbi mwaka jana.

Nilichopima mwenyewe

Safari yangu ya mwisho ya Machakos niliandika kila kitu kwenye kijitabu. Piki ni ya cc 150, ya umri wa kati, haitoi moshi. Nilijaza oili mpya hadi mstari wa juu Changamwe. Kwenda nilishika mwendo wa 75 hadi 80, na kufika Machakos mililita 120 zilihitajika kurudisha kiwango mahali pake. Kurudi nilishika 60 hadi 65. Nilipofika Changamwe zilihitajika mililita 70.

Si haki kusema tofauti yote ni ya mwendo, kwani kurudi ni kuteremka. Lakini fundisho liko wazi: injini ni ile ile, oili ile ile, kilomita zile zile, na ulaji umekaribia kuwa nusu.

Fanyeni hesabu hii kwa piki zenu. Gawanya mililita ulizoongeza kwa kilomita ulizokwenda, kisha zidisha kwa 1,000. Zangu za kwenda ni 120 gawanya kwa 440 mara 1,000, yaani kama mililita 270 kwa kilomita elfu. Chupa ya dawa ya mtoto yenye mistari ya mililita yatosha kupimia, ikishaoshwa na isirudishwe jikoni. Kipimo changu mwenyewe, si cha kiwanda, ni hiki: chini ya 100 kwa kilomita elfu, injini ni nzima. Baina ya 100 na 300, nenda lakini pima kila kituo. Ikizidi 300, mwone fundi kabla ya safari.

Kijana wa Kyumvi

Kwa nini nalitilia mkazo? Desemba moja nilisimama Kyumvi, pale njia ya Machakos inapoachana na Mombasa Road, nikamkuta kijana wa kwetu amekaa kwenye kreti tupu mbele ya gereji. Piki yake ililetwa na pikapu. Injini ilikuwa imeshika karibu na Salama, gurudumu la nyuma likajifunga, piki ikaserereka. Alhamdulillah alibana klachi upesi na kuangukia majanini. Lori lililokuwa nyuma lilipita.

Fundi alifungua nati ya chini. Oili iliyotoka haikujaza kikombe cha chai.

"Ami," kijana akaniambia, "oili nimebadilisha wiki mbili tu zilizopita. Wallahi."

Fundi hakubishana naye. "Kubadilisha ulibadilisha. Uliipima lini?"

Kijana akanyamaza. Tukafanya hesabu pamoja. Katika wiki hizo mbili alikuwa amebeba abiria na mizigo Mombasa, kama kilomita mia moja kwa siku, kisha akaongeza hizo mia nne za safari. Jumla kama 1,800. Injini yake, kwa moshi aliokiri kuuona asubuhi, huenda ilikuwa ikila mililita 400 kwa kilomita elfu. Mililita 400 mara 1.8 ni 720. Toa kwenye lita moja: zimebaki 280. Ndicho kikombe cha chai tulichokiona.

Hakudanganya. Alibadilisha kwa wakati. Lakini tarehe ya kubadilisha haikwambii kilichomo ndani leo. Na piki ile ilikuwa ya mkopo. Injini imekufa, malipo ya kila siku hayafi. Kopo la oili ni mamia machache ya shilingi. Kuchonga silinda upya, pistoni, ringi na kazi ya fundi ni maelfu, na siku ambazo hufanyi kazi hazihesabiki kwenye risiti.

Moshi unasema nini

Kabla ya safari, mwombe mwenzako asimame nyuma ya eksozi wakati wewe unawasha.

Moshi wa buluu ni oili inayoungua. Ukitoka kwa muda mfupi asubuhi tu, kisha ukakatika, mara nyingi ni sili za valvu: oili imeteremka usiku kucha kwenye silinda. Ukitoka unapofungua mkono na kupanda kilima, mara nyingi ni ringi au silinda. Ukitoka unapoachia mkono kwenye mteremko kisha ukafungua tena, tazama njia za valvu, kwa sababu injini ikiwa imefungwa mkono huvuta kwa nguvu na kunyonya oili kutoka juu.

Moshi mweusi ni petroli nyingi, si oili. Moshi mweupe wa asubuhi unaokatika upesi ni mvuke wa maji.

Na kukosa moshi si hati ya usalama. Injini yaweza kula mililita mia mbili kwa kilomita elfu na macho yasione kitu. Tazama pia chini: oili inayovuja kwenye gasketi au sili ya sproketi haitoi moshi, na kwenye barabara kuu upepo huipeperusha isikuachie hata tone la ushahidi mahali ulipoegesha. Utaona tu vumbi limeganda ubavuni mwa injini.

Oili gani, na kiasi gani

Fuata kitabu cha piki yako. Namba mbili kama 20W-50 zina maana: ya kwanza inaonyesha oili inavyotiririka kukiwa na baridi, ya pili uzito wake ikiwa na moto. Kwa joto letu, ya pili ndiyo yenye kazi zaidi. Kama kitabu kinaruhusu uzito zaidi ya mmoja, chukua mzito zaidi kati ya hizo kwa safari ndefu. Usivuke kilichoandikwa kwa kudhani oili nzito ni dawa ya ringi zilizokwisha. Itapunguza moshi kwa siku chache, ugonjwa ubaki pale pale.

Geuza kopo utafute herufi JASO MA au MA2. Ni kipimo cha Wajapani kilichoanza 1998 kwa ajili ya pikipiki ambazo klachi yake inaoga kwenye oili. JASO MB ni ya skuta zenye klachi kavu. Oili nyingi za magari ya kisasa zina viungo vya kupunguza msuguano. Kwa gari ni neema, kwa klachi ya piki ni utelezi. Klachi ikiteleza, injini inazunguka zaidi kwa mwendo ule ule, na tumeshaona mizunguko ikizidi kinachotokea.

Oili ya kupima kutoka kwenye pipa usiitie kwa safari hii, hata ukiambiwa ni ile ile. Nunua kopo lililofungwa, lenye alama ya ubora ya KEBS, kwenye duka unalolijua. Ukimaliza, litoboe kopo kabla ya kulitupa, lisije likajazwa oili chakavu na kuuziwa ndugu yako.

Na usijaze kupita mstari wa juu kwa kudhani unaweka akiba. Oili ikizidi, mitambo huichapa hadi ikatoa povu, ikasukumwa kwenye filta ya hewa na kubana sili mpaka zivuje. Akiba kaa nayo ndani ya kopo, kwenye begi.

Ratiba ya njiani

Hii ndiyo ninayoifuata mimi.

Kabla ya kuondoka: badilisha oili, safisha au badilisha filta ya hewa, pima. Beba nusu lita ya oili ile ile, faneli ndogo na kitambaa.

Voi: simama, ongeza petroli, pima. Hiki ndicho kipimo kinachokuonyesha tabia ya injini yako. Ukikuta imeshuka hadi katikati ya mistari miwili, ujue huwezi kufika Machakos bila kuongeza.

Mtito Andei: hapa ni kama nusu ya njia ya Nairobi. Pumzika kwa muda wa kutosha. Sisi Waislamu safari imetupa ruhusa ya kukusanya na kupunguza, basi swali adhuhuri na alaasiri zako kwa utulivu. Muda wa kutawadha, kuswali na kunywa chai ndio muda ambao oili inahitaji kuteremka yote chini. Ukirudi, pima.

Emali: pima tena kabla ya kupanda kwenda Salama na Kyumvi. Hiki ndicho kipande kizito zaidi.

Machakos: pima, ongeza, andika.

Kupima kwenyewe kuna adabu yake. Piki isimame wima mahali palipo sawa, kwa stendi ya katikati, si ile ya ubavu. Zima, ngoja dakika kadhaa. Pangusa kijiti, kirudishe, kitoe, soma. Piki nyingine hutaka kijiti kiingizwe bila kukazwa, nyingine kikazwe. Kitabu kitakwambia, na tofauti yake ni kubwa.

Ikianza kushika

Injini hutoa ishara kabla haijafa. Nguvu hupungua pahali ambapo si kilimani. Juu ya silinda husikika kugongagonga kama kijiko kwenye sinia, kwa sababu kule juu ndiko oili hufika mwisho na ndiko hukauka mwanzo. Kuna harufu ya chuma cha moto. Ukihisi piki inavutwa nyuma kama mtu ameshika kiti, bana klachi papo hapo, mkono uufunge, uteremke kando ya barabara kwa uzito wake. Klachi ikibanwa, gurudumu la nyuma huachwa huru hata kama pistoni imeshika. Kijana wa Kyumvi yuko hai kwa vidole vinne vya mkono wa kushoto.

Usiwashe tena kwa haraka. Ngoja ipoe kabisa, pima, ongeza. Ikiwa haikushika bali ilionya tu, nenda taratibu hadi kwa fundi wa karibu. Ikiwa ilishika kweli, tafuta pikapu. Kuilazimisha ni kununua injini nyingine.

Kazi ya stendi

Mwisho nina neno kwa viongozi wa stendi za bodaboda, kuanzia Likoni hadi Mariakani. Mwenzetu akianguka barabarani tunachanga: ya hospitali, ya kumleta nyumbani, na Mungu apishe mbali, ya matanga. Tunachanga haraka na kwa moyo, na hilo ni jambo la kujivunia. Basi tuchange pia kabla. Stendi iwe na faneli moja, chupa moja ya kupimia na katoni ya oili sahihi, na kila anayepanda bara piki yake ipimwe na mwenzake, si na yeye mwenyewe, kisha namba iandikwe kwenye daftari. Akirudi ipimwe tena. Kwa mwezi mmoja stendi itajua piki zipi ni za kwenda Machakos na zipi ni za kuishia Mazeras.

Kazi yenyewe ni ya dakika tano. Inshallah Idi hii tuanze nayo.